Maswali ya Wasomaji: Mji wa Chumvi Jangwani na Mashamba Yetu ya Pemba

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi ya Guerrero Negro, mji mdogo ulioko katika rasi ya Baja California nchini Mexico, uliojengwa jangwani kandokando ya Bahari ya Pasifiki kwa ajili ya kazi moja tu, nayo ni kutengeneza chumvi. Barua zimekuwa zikitufikia tangu hapo, nyingi zikitoka Pemba, ambako wenye mashamba ya chumvi wana haki ya kuuliza kuliko mtu mwingine yeyote. Baadhi yake tumezifupisha na kuzijibu hapa.

SWALI: Assalamu alaykum Mhariri. Ninalo shamba la chumvi huku Micheweni, nililoachiwa na marehemu baba yangu. Nimesoma kwamba huo mji wa Mexico unatoa mamilioni ya tani kwa mwaka. Bahari ni ile ile, na jua letu halina mfano. Lakini sisi tukishavuna magunia machache, mvua moja ikishuka tunaanza upya. Wenzetu hao wana mashine gani ambazo sisi hatuna? (Mzalishaji wa chumvi, Micheweni)

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Mashine wanazo, tena kubwa, lakini nyingi ya hizo ni za kukwangua chumvi iliyokwisha kuganda, kuibeba, kuiosha na kuipakia. Inayoitengeneza chumvi yenyewe ni hali ya pale mahali, na hali hiyo hainunuliwi.

Tuanze na hesabu ya maji, kwa kuwa humo ndimo jibu lilimo. Lita 1,000 za maji ya bahari zina takriban kilo 27 za chumvi ya kula, na chumvi hiyo haianzi kuganda mpaka kiasi cha lita 900 kati ya hizo ziwe zimekwenda hewani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya shamba la chumvi ni kuyaondoa maji, na chumvi yenyewe huja mwishoni kabisa. Sasa chukua kitalu chako kimoja chenye ukubwa wa robo hekta, ambacho umekitunza kwa majuma mpaka maji yake yakawa mazito na yakaanza kuonyesha ukoko juu, kisha ikanyesha mvua ya usiku mmoja ya milimita 30, ambayo kwa masika ya Pemba hata haihesabiwi kuwa ni mvua. Kitalu hicho kitakuwa kimepokea lita 75,000 za maji baridi. Hapo umerudishwa nyuma, na chumvi iliyokuwa imeganda chini inayeyuka upya.

Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Guerrero Negro, ambao uko pembeni mwa Jangwa la Vizcaíno, kwa wastani haufikishi hata milimita 100. Huko mvua ni habari ya kusimuliwa. Na kuhusu jua, ulilolisema ni kweli: mji huo si wa joto kali, kwa sababu mkondo wa bahari unaopita pale ni wa baridi na asubuhi nyingi huamka na ukungu. Lakini upepo wa Pasifiki huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, na upepo mkavu hubeba unyevu kama mtu anayepangusa meza bila kupumzika. Jua letu ni kali, ila hewa yetu imekwisha kushiba maji, na hewa iliyoshiba haipokei zaidi. Bila shaka wewe mwenyewe umekwisha kuona kwamba siku ya kaskazi yenye upepo hukausha kitalu kuliko siku ya jua kali iliyotulia.

La tatu ni ardhi. Pembeni mwa ghuba inayoitwa Ojo de Liebre kuna tambarare za chumvi zisizo na mti wala jiwe, ambazo bahari ilikuwa ikiingia na kukauka yenyewe kabla binadamu hajaleta koleo. Mabwawa ya huko yamechukua eneo la zaidi ya hekta 30,000, na maji yakishaingia hupitishwa kutoka bwawa hadi bwawa, kila moja likiwa na maji makali zaidi kuliko lililotangulia, katika safari inayochukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufikia vitalu vya kugandishia. Hakuna mtu wa Pemba anayeweza kuyaacha maji bwawani mwaka mzima akisubiri. Kwetu kipindi cha kazi kinabanwa kati ya masika na vuli, na hata hapo katikati mvua ndogo za mchoo zinaweza kukatisha mambo.

Usihuzunike, kwa maana hauko peke yako katika taabu hii. Wajapani, ambao nchi yao imezungukwa na bahari pande zote na ambao viwanda vyao vinatumia chumvi nyingi mno, wana mvua kama sisi, na ndiyo maana karibu chumvi yao yote ya viwandani huinunua nje, hasa Mexico na Australia. Zamani walikuwa wakiyakoleza maji ya bahari juu ya mchanga uliotandazwa juani, kisha yakishakuwa makali wanayachemsha kwa kuni. Hata katika mwambao wetu wa Waswahili, mashamba makubwa ya chumvi yako Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako ardhi ni kame kuliko visiwani.

Jambo moja la Guerrero Negro ambalo mtu wa Micheweni anaweza kulichukua bila gharama kubwa ni ule utaratibu wa hatua kwa hatua. Mashamba mengi madogo huyaingiza maji ya bahari katika kitalu kile kile yanamogandia, kwa hiyo mvua ikija inaharibu kila kitu kwa pamoja. Ukitenga bwawa la kina kirefu kidogo kwa ajili ya maji yaliyokwisha kukolea, ukalichimba mahali pa juu ambapo bamvua haifiki, unaweza kuyakimbizia huko maji yako makali mawingu yanapokusanyika. Maji ya kina kirefu huharibiwa na mvua kidogo kuliko maji yaliyotandazwa, kwa sababu milimita 30 zikianguka juu ya maji ya kina cha mita moja zinaongeza asilimia tatu tu, ilhali zikianguka juu ya maji ya kina cha sentimita tano zinaongeza zaidi ya nusu. Kisha mvua ikipita, unayarudisha. Kazi ni ya kuchosha, na bila pampu ndogo ni ya ndoo kwa ndoo, lakini ni afadhali kuliko kuanza na maji mapya kutoka baharini.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliniuliza kwa nini chumvi yetu ya shamba mara nyingine ina uchungu na hulowa gunia, ilhali ile ya dukani haina tabia hiyo. Mmesema hao Wamexico hutumia bahari na jua tu. Uchungu wao wanaupeleka wapi? (Mwalimu, Wete)

JIBU: Wanaurudisha baharini, Mwalimu, na hili ni swali zuri kwa darasa lolote lililoko karibu na mikoko.

Maji ya bahari yana chumvi za namna nyingi, si moja, na kila moja ina wakati wake wa kuganda. Maji yakiendelea kupungua, kwanza hushuka chokaa kidogo. Yakibakia kiasi cha humusi ya yale ya mwanzo, huanza kuganda jasi, ambayo wanafunzi wako wanaweza kuiona kama ukoko mweupe mgumu chini ya bwawa, wenye ncha zinazochoma unyayo. Jasi haina ladha ya chumvi. Yakifikia takriban sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya kula inapoanza kushuka, na kwa muda inashuka ikiwa safi kabisa. Yanayobaki baada ya hapo ni maji mazito, yanayoteleza kama mafuta ukiyasugua kati ya vidole, yaliyojaa magnesiamu. Hayo ndiyo yenye uchungu. Tena magnesiamu ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, ndiyo sababu gunia la chumvi iliyovunwa pamoja na maji hayo hutokwa na jasho likiwekwa ghalani wakati wa kusi.

Kwa hiyo siri iko katika nyakati mbili za kufanya uamuzi: wakati wa kuingiza maji katika kitalu cha kugandishia, ambapo jasi iwe imekwisha kubaki nyuma katika bwawa lililotangulia, na wakati wa kuyamwaga maji ya mwisho kabla kila kitu hakijakauka. Guerrero Negro hawakisii. Wanapima kwa digrii za Baume, ambapo maji ya bahari ya kawaida huwa kwenye tatu na nusu hivi, chumvi huanza kuganda karibu na 26, na maji ya mwisho hutolewa yakikaribia 30. Kipimo chenyewe si kitu cha ajabu. Ni kichupa cha kioo chenye shingo ndefu iliyochorwa mistari, kinachoelea wima ndani ya maji, na kadiri maji yanavyokuwa mazito ndivyo kinavyopanda juu. Wapo wanaotumia yai bichi badala yake, lakini yai huelea mapema mno, maji yakiwa hayajafika hata nusu ya ukali unaotakiwa, kwa hiyo linaweza kumdanganya mtu mzima na akili zake.

Baada ya kuvuna, chumvi ya kule huoshwa. Haioshwi kwa maji baridi, ambayo yangeiyeyusha, bali kwa maji ya chumvi yaliyokwisha kushiba na yaliyo safi, ambayo hayawezi kuyeyusha zaidi ila yanaondoa tope na uchungu uliogandamana juu ya punje. Hili nalo linafanyika hata kwa beseni. Wanafunzi wako wagawane kilo mbili za chumvi ya shamba, waoshe moja na kuiacha nyingine, kisha waziweke zote katika sahani wazi kwa juma moja la hewa ya unyevu na kuangalia ipi itakayolowa mwanzo.

SWALI: Huo mji unaishije kwa chumvi pekee? Nani anaumiliki? (Msomaji, Mkokotoni, Unguja)

JIBU: Mji huu ulianza kwa kampuni. Daniel Ludwig, tajiri wa meli wa Kimarekani, ndiye aliyeanzisha Exportadora de Sal mwaka 1954, akilenga viwanda vya Marekani ya magharibi vilivyohitaji chumvi nyingi ya bei nafuu, na nyumba za wafanyakazi zikaanza kujengwa miaka michache baadaye mahali ambapo hapakuwa na kitu ila mchanga. Mwaka 1973 kampuni iliuzwa kwa Mitsubishi ya Japani. Katika miaka iliyofuata serikali ya Mexico ikaingia na kuchukua asilimia 51, Wajapani wakabaki na 49, na ushirika huo ukadumu kwa miongo kadhaa mpaka serikali ilipofikia makubaliano, mwaka 2024, ya kuinunua na ile sehemu ya Mitsubishi.

Barabara kuu inayopita rasi yote kutoka kaskazini hadi kusini ilikamilika mwaka 1973, na kabla ya hapo mji ulitegemea zaidi bahari na ndege. Upande wa kaskazini wa mji unapita mstari wa latitudo ya 28, ambao ndio mpaka wa majimbo mawili, na anayeuvuka katika miezi ya baridi hubadilisha saa yake. Mwajiri mkubwa ni kampuni ya chumvi, na watalii wanaokuja kutazama nyangumi huleta riziki ya pili kwa miezi michache ya mwaka. Uvuvi upo pia. Maoni yetu ni kwamba hali hii ina upande wake wa hatari, kwa kuwa mji wenye mwajiri mmoja huishi kwa kusikiliza mlango wa ofisi moja, na mwenye shamba dogo Pemba, pamoja na shida zake zote, akipenda kesho anaweza kwenda kuchuma karafuu au kulima mwani.

Kuhusu usafirishaji, msomaji huyu aliuliza pia kama kuna bandari kubwa. Haipo mjini, kwa sababu maji ya pale ni haba na meli kubwa haziwezi kuingia. Malori yenye uwezo wa kubeba mamia ya tani huitoa chumvi vitaluni, ikishaoshwa hupakiwa katika matishari, na matishari huipeleka hadi kisiwa cha Cedros, ambako kuna kina cha kutosha. Kule humwagwa katika vilima vyeupe vinavyoonekana kutoka mbali, kisha meli za nje huja kuchukua. Mji wa chumvi, kwa hiyo, nao unategemea kisiwa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mazingira, Chake Chake. Kwetu baadhi ya mashamba ya chumvi yametengenezwa kwa kukata mikoko, na mpaka leo watu wanagombana juu ya jambo hilo. Je, kule hawakugombana?

JIBU: Waligombana, tena dunia nzima ikaingilia. Lakini kwanza lazima tutofautishe. Sehemu kubwa ya mabwawa ya Guerrero Negro yalichimbwa katika tambarare tupu ambazo tayari zilikuwa na chumvi nyingi mno kwa miti kuota, ilhali huku visiwani mahali panapofikiwa na maji ya bahari na penye udongo wa kushika maji ndipo hasa mikoko inapopenda. Mkulima wa chumvi na mkoko wanagombea kiwanja kimoja. Ukishakata mikoko unapoteza mazalio ya kamba na kaa, na unapoteza ukuta unaozuia mawimbi, kiasi kwamba matuta ya shamba lenyewe la chumvi huanza kumegwa bahari ikichafuka. Nyuma ya mikoko, kuelekea nchi kavu, mara nyingi pana ukanda wa uwanda mtupu ambao hufikiwa na bamvua tu, na kwa maoni yetu hapo ndipo panapostahili shamba la chumvi, ijapokuwa kupeleka maji huko ni kazi zaidi.

Ugomvi wa Mexico ulihusu nyangumi. Ile ghuba ya Ojo de Liebre, inakovutwa maji ya chumvi, ndiyo pia mahali wanapozalia nyangumi wa kijivu, ambao kila mwaka husafiri maelfu ya kilomita kutoka bahari za kaskazini zenye barafu na kufika hapo kuanzia Desemba hivi, wakazaa katika maji matulivu na kuondoka na watoto wao kabla ya kiangazi cha huko. Mwaka 1857 nahodha mmoja Mmarekani, Charles Scammon, aliingia humo na wavuvi wake wa nyangumi, na uwindaji uliofuata ukakaribia kuwamaliza. Mexico ililitangaza eneo hilo kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1972, mwaka 1988 ikaanzishwa hifadhi kubwa ya Vizcaíno, na mwaka 1993 UNESCO ikaziingiza ghuba za huko katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo ndipo kampuni ilipotaka kujenga mradi wa pili wa chumvi, mkubwa mno, katika ghuba nyingine iliyo kusini zaidi, San Ignacio. Wavuvi wa pale, wanasayansi na watetezi wa mazingira kutoka nchi mbalimbali waliupinga kwa miaka, na mwezi Machi 2000 Rais Ernesto Zedillo akaufuta. Hakusema kwamba chumvi na nyangumi haviwezi kukaa pamoja, maana Ojo de Liebre vinakaa pamoja mpaka leo. Alilolitazama, kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa wakati ule, ni kwamba mahali pale palikuwa bado hapajaguswa na mandhari yake yangebadilika kwa jumla. Mwanafunzi wetu ayapime hayo kwa makini, kwa sababu hapa kwetu hoja mara nyingi huwa ni kama chumvi ni halali au haramu kwa mazingira, na mara chache tunauliza ni kiwanja kipi.

Ndege nao wamenufaika kwa njia isiyotarajiwa. Katika mabwawa ya kati, ambamo maji yameshakuwa makali kiasi kwamba samaki hawawezi kuishi, huzaliana viduduchumvi vidogo vyenye umbo la kamba, na ndege wa pwani wanaohama hutua kwa maelfu kuvila. Vidudu hivyo husaidia pia kusafisha maji, kwa kuwa hula mwani mdogo unaoyatia rangi.

SWALI: Chumvi yote hiyo inaliwa na nani? (Mama wa nyumbani, Mtambwe)

JIBU: Sehemu kubwa hailiwi na mtu, mama yetu. Huenda viwandani, ambako hupitishiwa umeme ikatoa klorini na soda kali, na kutokana na hizo hupatikana sabuni, karatasi, plastiki na dawa ya kusafishia maji ya bomba. Nyingine humwagwa barabarani katika nchi za baridi ili kuyeyusha barafu. Inayofika jikoni ni sehemu ndogo.

Kwa kuwa umetaja katika barua yako kwamba unanunua chumvi ya shamba kwa kipimo sokoni, tuongeze jambo moja. Maji ya bahari yana madini joto machache sana, na katika kukausha chumvi karibu yote hupotea, kwa hiyo chumvi ya jua, iwe ya Mexico au ya Mtambwe, haina madini joto ya kutosha mpaka iongezwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Unguja zilikuwa zinatumia chumvi yenye madini joto, ilhali Pemba ilikuwa takriban asilimia moja tu, na uvimbe wa tezi la shingo ulionekana zaidi kwa watoto wa Pemba. Sababu mojawapo ilikuwa ni hii hii ya wingi wa chumvi ya nyumbani. Dawa yenyewe ya madini joto hunyunyizwa juu ya chumvi ikiwa imekwisha kuchujwa maji, kwa sababu ikinyunyizwa juu ya chumvi inayotiririka, madini huondoka pamoja na yale maji yanayodondoka chini ya gunia. Ukinunua, uliza kama imetiwa, na ukifika nyumbani iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa chungu.